Mashine Kuukuu Yafundishwa Hesabu Mpya

Chukua bolti yo yote iliyo karibu nawe, uiangalie vizuri. Utaona mkato unaopanda ukizunguka, kama njia ya mlimani. Mkato huo mafundi huuita hesi. Kila mzunguko wake umeachana na mwenzake kwa kipimo kile kile, toka mwanzo hata mwisho. Kikikosewa kidogo tu, nati haipandi, au hupanda kwa nguvu ikakwama. Je, umepata kujiuliza kipimo hicho hushikwa na nini?

Kwa fundi mwenye karakana ndogo hushikwa na mashine ya kukereza chuma. Fundi hukaza chuma katika kichwa cha mashine, nacho huzunguka. Kisu hakizunguki, huketi juu ya kibebeo kinachovutwa polepole ubavuni mwa chuma na parafujo ndefu iliyolala kwa urefu wa mashine. Ili hesi iwe sawa, kila chuma kizungukapo mara moja lazima kisu kiende mbele kipimo kile kile. Kwa hiyo kati ya kichwa na parafujo hupangwa magurudumu ya meno. Mwingereza Henry Maudslay aliunda mashine ya namna hii iliyo sahihi sana karibu na mwaka 1800, na mpango wenyewe haujabadilika sana tangu hapo.

Huko Uingereza wako watu wengi wasiopata riziki yao kwa ufundi, lakini wana mashine ndogo ya kukereza katika kibanda nyuma ya nyumba. Huunda magari-moshi madogo na saa, au hutengeneza vipuri vya mashine zao. Gazeti lao, Model Engineer, lilianza mwaka 1898. Mojawapo ya mashine wanazozipenda ni Myford ML7, iliyotolewa mwaka 1946 huko Beeston karibu na Nottingham. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 2011, lakini mashine zake nyingi zingali zikizunguka. Chuma chake ni kizuri. Taabu yake ni hesabu. Parafujo yake ni ya inchi, hesi 8 katika inchi 1, na bolti za siku hizi, kule Ulaya kama katika maduka yetu, nyingi ni za milimita.

Basi tukae darasani kidogo. Inchi 1 ni milimita 25.4 kamili. Parafujo ile ikizunguka mara moja, kisu huenda milimita 3.175. Sisi twataka hesi ya milimita 1.5, ile ya bolti ya kawaida ya milimita 10. Gawanya 1.5 kwa 3.175, utapata 60 juu ya 127. Nayo 127 haigawanyiki kwa namba nyingine! Ndiyo maana fundi hutafuta gurudumu lenye meno 127, ambalo ni kubwa na pengine halina nafasi ya kuingia. Akilikosa, hutumia magurudumu mengine yanayokaribia tu.

Siku hizi wengine huyaondoa magurudumu hayo. Kwenye kichwa cha mashine hufunga kifaa cha kuhesabu mzunguko, na kwenye parafujo hufunga mota ya umeme inayokwenda kwa hatua, tuseme hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Katikati huwekwa kompyuta ndogo isiyozidi kiganja cha mkono. Fundi hubonyeza 1.5, basi.

Lakini angalia kompyuta ile inavyofanya kazi. Chuma kikizunguka mara moja, mota yapaswa kwenda 200 mara 60 gawanya kwa 127, yaani hatua 94 na karibu nusu. Kompyuta ikilitupa lile baki, baada ya mizunguko 100 imepoteza karibu hatua 49, na kisu kimebaki nyuma zaidi ya nusu ya hesi nzima. Kwa hiyo hailitupi. Hulichukua kwenda mzunguko unaofuata, kama mtoto wa shule anavyochukua moja akijumlisha. Mizunguko 127 ikitimia, mota imekwenda hatua 12,000 kamili, na deni limekwisha. Mimi hapo ndipo niliposhangaa: si umeme mwingi, ni kutopuuza baki.

Ikiwa mashine kuukuu ya namna hii imelala katika karakana ya jirani yako, mwambie asikubali upesi kuiuza kwa kilo kama chuma chakavu, eti kwa sababu magurudumu yake yamepotea. Atazame kwanza kama kitanda chake hakijalika, na kichwa chake hakichezi. Umeme hauponyi chuma kilicholika.

Tena asidhani kompyuta yaona kila kitu. Magurudumu yakikwama hulia, fundi akasikia. Mota dhaifu ikishindwa huruka hatua kimya kimya, na hesi imeharibika. Basi inunuliwe mota yenye nguvu kupita haja, na kompyuta ifungwe ndani ya sanduku lisiloingiwa na vumbi la chuma. Na katika kukata hesi ya milimita, nati inayoshika parafujo isifunguliwe mpaka kazi iishe. Kisu kivutwe nje, mashine irudishwe kinyumenyume hata kipite mwanzo wa kazi, ndipo kikate tena. Ukiifungua nati na kukisukuma kibebeo kwa mkono, kompyuta haina habari.

Wako wanaotaka mashine ijiendeshe yote. Jambo hilo si jipya. Katika chuo cha MIT huko Marekani walionyesha mashine ya kuchonga chuma ikiongozwa na utepe wenye matundu mwaka 1952. Kwa fundi wa nyumbani mimi naona nusu yatosha, maana mkono wake bado wahisi chuma kinavyokatika. Swichi ya kuzima iwe karibu na mkono huo, na mikono ya shati ikunjwe.

Magurudumu ya zamani, kama yapo, yapakwe mafuta na kutunzwa. Hesi ya kwanza ikatwe katika kipande kisicho na kazi. Kisha achukue nati mpya ya dukani, aipandishe kwa vidole vitupu.