Kupima na Kutunza Rafadha ya Mashua ya Mashindano

Mchezo wa kushindanisha mashua ndogo za mfano ni wa zamani. Katika bustani ya Victoria Park mjini London, klabu ya wapenzi wa mashua hizo ilianzishwa mwaka 1904. Watu wakitazama mashua ya namna hii husifu injini yake na umbo lake, lakini kitu kinachosukuma maji ni kile kidogo kilicho nyuma, yaani rafadha, ambayo wengine huiita pangaboi. Rafadha mbili zaweza kufanana kabisa machoni, lakini moja ikashinda na ya pili ikaunguza injini. Kwa hiyo yafaa tujue kuipima.

Mwaka 1837 Mwingereza Francis Pettit Smith alikuwa akijaribu mashua katika mfereji wa Paddington, London. Rafadha yake ilikuwa ya mti, imezunguka mara mbili kama parafujo ndefu. Katika safari ile nusu yake ilivunjika, na mashua ikaongeza mwendo! Hapo Smith alijifunza ya kuwa urefu na umbo la rafadha si mambo ya kukisia.

Vipimo vya kwanza ni viwili: kipenyo na hatua. Kipenyo ni upana wa duara ambalo ncha za mabawa hulichora zikizunguka. Pima kwa kalipa kutoka katikati ya kitovu mpaka ncha ya kila bawa, kisha zidisha kwa mbili. Kila bawa lazima lilingane na mwenzake. Usidharau milimeta mbili. Ukiondoa rafadha ya milimeta 40 ukatia ya 42 yenye umbo lile lile, na ukataka izunguke kwa kasi ile ile, mzigo wa injini huzidi kwa zaidi ya robo. Injini ya umeme ikilemewa hivyo hupata moto, na nyaya zake zaweza kuungua.

Hatua ni umbali ambao rafadha ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja, kama maji yangekuwa magumu kama mti na yenyewe ikaingia kama parafujo. Kuipima si kazi kubwa. Chora duara la nusu kipenyo cha milimeta 14 juu ya karatasi, na kutoka katikati piga mistari miwili yenye pembe ya digrii 36 kati yao, yaani sehemu moja ya kumi ya duara. Weka karatasi juu ya kioo kilicho sawasawa, na juu yake simamisha rafadha, kitovu kikiwa katikati ya duara na uso unaosukuma maji ukiwa juu. Ukitazama wima kutoka juu, tia alama mbili za wino juu ya bawa, mahali ambapo duara hukutana na mistari ile. Kisha laza rula ya chuma juu ya vipande viwili vya mti vyenye kimo kimoja, na kwa mkia wa kalipa pima kutoka rula mpaka kila alama. Tofauti ya vipimo hivyo viwili izidishe kwa kumi. Ikiwa tofauti ni milimeta 5.6, basi hatua ni milimeta 56.

Faida yake ni nini? Rafadha hiyo ikizunguka mara 20,000 kwa dakika, hesabu yasema mashua ingekwenda kilometa 67 kwa saa. Lakini maji huteleza. Yakipunguza asilimia 15, itabaki kilometa 57 hivi. Ukipima mwendo halisi ukakuta ni mdogo kuliko huo sana, ujue iko kasoro ya kutafutwa. Tena, rafadha nyingi za mashindano zina hatua inayobadilika kutoka ukingo wa mbele mpaka wa nyuma; kwa hiyo pima kila bawa mahali pale pale, ulinganishe.

Kipimo cha tatu ni usawa wa uzito. Pitisha kijiti cha chuma kilichonyooka katika tundu la kitovu, ukilaze juu ya nyembe mbili zilizosimamishwa sambamba. Bawa zito litashuka. Lipunguze kidogo kidogo kwa msasa upande wa mgongo, usiguse uso unaosukuma, maana ukiugusa utaharibu hatua. Mtu atasema, "Sehemu moja ya kumi ya gramu ni kitu gani?" Basi ahesabu: uzito huo ukiwa milimeta 14 kutoka katikati, kwa mizunguko 20,000 huvuta mhimili kwa nguvu inayozidi uzito wa nusu kilo, mara 333 kila sekunde moja. Hivyo ndivyo vikalio vya mhimili vinavyokwisha.

Sasa tuje katika utunzaji. Mwaka 1894 Charles Parsons aliunda meli iitwayo Turbinia, lakini mwanzoni haikufikia mwendo alioutaka. Rafadha ilizunguka kwa kasi mno hata maji nyuma ya mabawa yakageuka mvuke, na ikawa inakoroga uwazi badala ya kusukuma maji. Parsons alijaribu rafadha ndogo za kipenyo cha sentimeta 5 hivi ndani ya chombo cha maji, akatazama mapovu yake. Kisha akaweka mihimili mitatu yenye rafadha tisa, na mwaka 1897 meli ikapita maili 34 za bahari kwa saa. Kwetu fundisho ni hili: pengo dogo katika ukingo wa mbele huanzisha mapovu kama hayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila baada ya mashindano, osha rafadha, ikaushe, ipitishe ukucha ukingoni, na tazama mashina ya mabawa kwa kioo cha kukuzia. Ukiona ufa, itupe. Bawa lililopinda usiligonge mara kwa mara kwa nyundo, maana chuma huchoka kikakatika, na kipande kikiruka kwa kasi ile chaweza kumtoa mtu jicho.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Rafadha nyingi za mashindano hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na beriliamu. Vumbi lake likiingia mapafuni laweza kuleta ugonjwa usiopona. Usiisugue kavu hata siku moja. Tumia msasa wa maji ndani ya beseni, vaa kifuniko cha pua kilicho bora, futa meza kwa kitambaa chenye maji, na nawa mikono kabla ya kula. Kadhalika tenga batri kabla ya kugusa rafadha iliyo katika mashua.

Mwisho, kila rafadha ipewe namba na ukurasa wake katika daftari: kipenyo, hatua ya kila bawa, tarehe, na mwendo iliouleta. Andika kabla ya kuigusa kwa msasa, na uandike tena baadaye. Mwenye daftari akishinda hujua sababu yake, na rafadha yake ikipotea majini aweza kutengeneza nyingine kama hiyo.