MBONGO ALIYEKWENDA BERLIN KUDAI MSHAHARA

Kila mtaa wa Dar una stori ya mzamiaji. Yule aliyejichimbia kwenye meli ya mizigo, akaibukia Ugiriki, na mama yake mpaka leo anatembea kifua mbele. Stori hizo tumezisikia sana. Lakini ya huyu ninayekupa leo, mpenzi msomaji, ni kiboko. Huyu hakwenda Majuu kusaka maisha. Alikwenda kudai deni!

Jina alilozaliwa nalo ni Mahjub bin Adam Mohamed. Huko Ujerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Ni mtoto wa mjini kabisa, kazaliwa hapa hapa Dar mwaka 1904, baba yake askari mwenye asili ya Sudan katika jeshi la Mjerumani. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 dogo alikuwa na miaka 10. Umri wa kucheza gololi, mwenzio akatiwa jeshini pamoja na baba yake na kufundishwa kazi ya kupeleka ishara. Mwaka 1917 alijeruhiwa kwenye mapigano ya Mahiwa, kule Lindi, kisha Waingereza wakamteka.

Vita ikaisha, Mjerumani kafungasha virago, na mshahara wa mzee na mwanawe haujalipwa. Sisi tuliosikia habari za wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, jinsi walivyofuatilia mafao yao miaka nenda rudi tangu ilipovunjika mwaka 1977, tunajua jambo kama hilo linavyomkaa mtu rohoni. Husen akafanya kazi kwenye meli, na mwaka 1929 akatia timu Berlin kudai mshiko wake na wa baba yake. Akaambiwa kachelewa, muda wa kudai umepita. Basi.

Wewe ungefanyaje? Jamaa akabaki. Akapata kazi ya uhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz, na chuo kikuu akawa anafundisha Kiswahili kwa malipo kiduchu. Januari 1933, siku chache kabla ya Hitler kushika nchi, akafunga ndoa na mwanamke wa Kizungu, Maria Schwandner. Ona bahati hiyo ilivyokaa vibaya!

Mpaka hapa nilikuwa namuonea huruma tu. Kisha nikakuta mambo mengine yakanichanganya kichwa. Kumbe jamaa aliomba nishani ya vita ya Wajerumani. Wakamnyima, yeye akawa anavaa kivyake. Mwaka 1939 akajitolea kuingia jeshini kwao tena, wakamkataa. Na alikuwa msanii: amecheza filamu zaidi ya 20, nyingine za kuisifia himaya ya zamani. Mwaka 1941 ikatoka filamu ya Carl Peters, yule yule ambaye wazee wetu walimpachika jina la Mkono wa Damu. Kwenye filamu hiyo Peters ni shujaa wa kuabudiwa. Na mkalimani wake mwaminifu ni nani? Husen wetu.

Rafiki yangu mmoja nilipomsimulia alichomoa kabisa. "Huyo msaliti bwana, jiwe la nini?" Nikamuuliza yeye angekula nini Berlin ya Hitler, na rangi yake hiyo. Pasipoti walishamnyang'anya, Haus Vaterland walishamfukuza kazi mwaka 1935. Filamu ndiyo ilikuwa sehemu ambayo weusi wake ulikuwa unahitajika. Mimi sisemi alikuwa malaika. Nasema alikuwa na njaa na familia.

Na uaminifu wote ule haukumsaidia hata chembe. Mwaka huo huo wa 1941 alikamatwa, kosa lake ni kutembea na mwanamke wa Kizungu. Ndiyo, alikuwa na mke nyumbani, hilo tuwaachie wao wenyewe na Maria. Lakini hawakumkamata kwa kumkosea Maria, walimkamata kwa rangi. Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, jirani na Berlin, na huko akafia tarehe 24 Novemba 1944.

Sasa hilo jiwe. Kuna msanii wa Kijerumani anaitwa Gunter Demnig, alianza miaka ya 90 kutengeneza vijiwe vyenye uso wa shaba nyeupe, upana sentimita 10 kwa 10, ukubwa wa kiganja hivi. Kinachimbiwa njiani mbele ya nyumba aliyoishi mtu aliyeuawa au kuteswa na Manazi, na aghalabu maandishi huanza na maneno "hapa aliishi". Kufikia 2023 vilishapita 100,000 barani Ulaya. Cha Husen kiliwekwa mwaka 2007, mtaa wa Brunnenstraße namba 193. Kuna wanaovipinga. Jiji la München limevikataa kwenye njia zake, kwa hoja kwamba majina ya marehemu yatakanyagwa. Nami mwanzo niliona hivyo hivyo, maana kwetu jina la marehemu halikanyagwi. Lakini fikiria: ili usome kitu kidogo kiasi kile inabidi usimame, uinamishe kichwa.

Juzi nikaenda Posta kulitazama sanamu la Askari, ambalo wazee wa mjini wanaliita Bismini. Nikilisikia jina hilo nasikia "Wissmann", maana pale alisimama huyo gavana wa Kijerumani tangu 1909, na chini yake askari mweusi akimwangalia juu. Husen alikuwa na miaka mitano. Waingereza wakaling'oa, likaishia Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wakaliangusha moja kwa moja. Huyu askari wa sasa, mwenye singe iliyoelekea bandarini, aliwekwa na Mwingereza mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika. Maandishi yapo, hadi ya Kiswahili. Jina la mtu hata moja hakuna.

Berlin nako vibao vinabadilika. Mwaka 2021 mtaa wa Wissmann kule Neukölln ulipewa jina la Lucy Lameck, mwanamama wetu wa Moshi aliyekuwa mbunge na naibu waziri enzi za Mwalimu. Mwaka 2024 barabara ya Petersallee ikakatwa vipande viwili, kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Mkono wa Damu kapokonywa barabara!

Pale Posta nilimsimulia yote haya kaka mmoja aliyekuwa ananing'arishia viatu. Alisikiliza bila kuinua uso, brashi inakwenda. Mwisho akauliza, "Sasa sista, ule mshahara walikuja kumlipa?"

Nikamwambia hawakumlipa.

"Wala baba yake?"

"Wala baba yake."

Akanigongea boksi kwa brashi, nibadilishe mguu.