Ghorofa likipanda, mpangaji ahamie wapi?

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya nyumba, na hasa nyumba ya mtu wa kipato cha chini katikati ya mji unaokua. Miji yetu mingi inayochangamka inapita njia ile ile. Kwanza inakuja barabara, kisha maduka, kisha maghorofa, na mwisho yule aliyekuwa akiishi pale kabla ya yote anaonekana na godoro kichwani akitafuta chumba nje ya mji.

Tuanze na Kariakoo ya Dar es Salaam, kwa kuwa ni wachache wasioijua. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokaa eneo lile wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Juu ya viwanja vyake zilisimama nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo na jiko uani, baraza mbele. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Barazani ziliuzwa maandazi na mafuta ya taa, na baadaye chumba cha mbele kikatobolewa mlango kikawa duka. Wataalamu wa mipango miji wanapousifia mtindo wa kuchanganya makazi na biashara katika jengo moja, wanasifia jambo ambalo bibi zetu walikuwa nalo. Tofauti ni kwamba katika nyumba ile kuli na fundi viatu walikuwa na chumba chao.

Kilichobadilika ni thamani ya kiwanja. Mwenye nyumba ya zamani ana ardhi lakini hana fedha za kujenga. Mfanyabiashara anazo. Wanaingia ubia: mmoja anatoa kiwanja, mwingine anapandisha ghorofa, kisha wanagawana fremu na sakafu kama walivyoandikiana. Chini zinawekwa fremu za maduka, juu yake stoo, na nyumba za kulala, kama zipo, zinawekwa juu kabisa. Fremu inalipa kuliko chumba cha kulala, na mara nyingi mpangaji wake hutoa kilemba kabla hata ya kodi. Kwa hiyo si lazima mwenye jengo awe mtu mbaya ndipo mpangaji wa zamani akose mahali. Hesabu yenyewe inamtoa.

Je, serikali haikujaribu kumsaidia? Ilijaribu. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa. Mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, na mwaka 2005 ikafutwa. Udhibiti wa kodi ulimlinda aliyekwisha kuingia ndani, lakini haukumjengea chumba yule aliyekuwa bado nje. Na kodi ikiwa ndogo mno, hakuna wa kuziba paa linalovuja.

Wengine watasema dawa ni mkopo wa benki. Mwaka 2008 zilipitishwa sheria mbili za maana: moja inamruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, yaani nyumba yake ndani ya ghorofa, na nyingine inahusu mikopo ya nyumba. Sheria hizo ni nzuri, lakini chukueni kalamu tupige hesabu. Mkopo wa shilingi milioni 50 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ukilipwa kwa miaka 15, unadai karibu shilingi 700,000 kila mwezi. Mpaka unamaliza umelipa kama milioni 126. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilichotangazwa Mei Mosi 2025 ni shilingi 500,000. Mtu huyo hata akiacha kula, kuvaa na kupanda daladala, mshahara wote haufikii rejesho.

Sasa tutazame Magomeni Kota, pale pale Dar es Salaam. Mwaka 2011 kaya 644 ziliondolewa katika kota za zamani ili eneo lijengwe upya. Ujenzi ukakwama, na watu wakatawanyika mitaani kupanga. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza zijengwe nyumba kwa ajili yao, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akafungua maghorofa hayo. Kaya 644, miaka zaidi ya kumi ya kuhangaika! Hata hivyo pana somo. Walirudishiwa nyumba kwa sababu idadi yao ilijulikana na ardhi ilikuwa bado ya umma. Kama kiwanja kile kingeuzwa kwa bei ya soko, wangerudi kutazama tu.

Singapore walilijua hilo mapema. Mwaka 1960 waliunda chombo cha serikali cha kujenga nyumba, na mwaka 1966 wakatunga sheria ya kutwaa ardhi. Leo karibu watu wanane katika kila kumi wanaishi katika nyumba zilizojengwa na chombo hicho, na chini ya majengo mengi kuna maduka na migahawa. Walianza na ardhi, tofali likafuata.

Ndiyo maana leo nayaelekeza macho yenu kaskazini, mbali na Kariakoo. Mji wa Karatu uko kwenye njia ya watalii waendao Ngorongoro, na kando ya barabara kuu fremu ziko mbele, vyumba nyuma. Anayelala katika vyumba hivyo ni mpishi wa hoteli, dereva, muuza mboga. Mbele zaidi, wilayani Ngorongoro, kuna Engaresero, kijiji cha Wamasai chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron. Pale nyumba ya kimila hujengwa na mwanamke kwa fito, udongo na samadi, na hakuna anayemdai kodi. Lakini watalii wanaufuata mlima, ziwa, na nyayo za watu wa kale zilizoganda katika majivu ya volkano. Penye mgeni huja duka, fundi magari, muuguzi na mwalimu, na wote hao hutaka chumba.

Mtasema kijiji hakina ghorofa, kina haja gani ya kuhangaika? Haja ni hiyo hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji, nayo haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano wa kijiji. Mamlaka yapo mikononi mwa wananchi wakati ardhi haijapanda bei.

Ushauri wangu ni wa mambo matatu. Kwanza, viwanja vya katikati vitengwe mapema na vikodishwe badala ya kuuzwa moja kwa moja. Pili, mkataba wa mwekezaji utaje idadi ya vyumba vya kodi nafuu, kiasi cha kodi hiyo, na itadumu miaka mingapi. Tatu, anayeishi pale leo aandikwe jina na haki yake ya kurudi kabla jembe halijagusa msingi. Mwekezaji atalalamika kwamba hapati faida. Ajibiwe kwamba hakununua ardhi kwa bei ya kuruka, kwa hiyo fremu za chini zinaweza kubeba sehemu ya gharama ya vyumba vya juu.

Mkutano wa kijiji au kikao cha madiwani kikiitishwa kuhusu viwanja, ndugu zangu, msiwaachie madalali viti vya mbele. Kwa juma hili naishia hapo.