Uasili wa wazi

Uasili wa wazi ni aina ya kuasili mtoto ambayo wazazi waliomzaa mtoto na wazazi wanaomwasili wanafahamiana, na wanaendelea kuwasiliana baada ya uasili kukamilika. Mawasiliano hayo yanaweza kuwa barua na picha mara moja kwa mwaka, mazungumzo ya simu, au kutembeleana nyumbani. Ni kinyume cha uasili wa siri, ambao pande hizo mbili hazijuani hata kwa majina na kumbukumbu zake hufungwa.

Mbele ya sheria, wazazi walioasili wana mamlaka yaleyale katika aina zote mbili. Mahakama ikishatoa amri ya uasili, wao ndio wazazi wa mtoto, na mama aliyemzaa hana tena haki ya kuamua kuhusu shule, matibabu au dini yake. Hivyo uasili wa wazi si malezi ya pamoja. Kinachobaki kwa mama huyo ni uhusiano, na mara nyingi uhusiano huo unategemea ahadi za watu wazima kuliko nguvu ya sheria.

Historia

Sheria ya kuasili ya jimbo la Massachusetts, Marekani, iliyotungwa mwaka 1851, huhesabiwa kuwa mwanzo wa sheria za kisasa za uasili. Usiri ulikuja baadaye. Jimbo la Minnesota lilipitisha sheria mwaka 1917 iliyozuia watu wa nje kusoma kumbukumbu za uasili, kwa nia ya kumkinga mtoto na aibu ya kuzaliwa nje ya ndoa. Katika miongo iliyofuata majimbo mengi yalikwenda mbali zaidi: mtoto alipewa cheti kipya cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi walioasili, na cheti cha kwanza kikafungwa hata kwa mwenyewe alipokuwa mtu mzima.

Tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wasichana wengi wa Marekani waliopata mimba kabla ya kuolewa walipelekwa katika nyumba za kujifungulia mbali na kwao. Walirudi bila mtoto na kuambiwa wasahau. Mambo kama hayo yalitokea pia Australia, ambako serikali iliwaomba radhi rasmi akina mama hao na watoto wao tarehe 21 Machi 2013.

Walioanza kupinga usiri ni wale uliowagusa. Jean Paton, aliyekuwa ameasiliwa, alianzisha chama cha Orphan Voyage. Florence Fisher alianzisha chama kingine mwaka 1971, na mwaka 1976 Lee Campbell alianzisha chama cha wazazi waliotoa watoto wao. Mwaka huohuo wa 1976 Annette Baran, Reuben Pannor na Arthur Sorosky walichapisha makala ya kitaalamu iliyopendekeza uasili wa wazi. Miaka miwili baadaye walitoa kitabu The Adoption Triangle, kilichoeleza maumivu ya pande zote tatu: mtoto, waliomzaa na waliomwasili.

Mabadiliko ya jamii yaliharakisha jambo hilo. Dawa za kuzuia mimba zilienea, utoaji mimba uliruhusiwa nchini kote mwaka 1973, na kulea mtoto bila ndoa kulipungua kuwa aibu. Watoto wachanga wa kuasiliwa wakawa wachache kuliko watu waliowahitaji, na akina mama wakapata nafasi ya kuweka masharti. Wengi walitaka kuwachagua wao wenyewe watakaolea mtoto wao.

Safari ya wanandoa

Kwa wanandoa wa Marekani wanaoasili mtoto mchanga kupitia shirika binafsi, safari huanza kwa uchunguzi. Afisa wa ustawi wa jamii hutembelea nyumba yao, huwahoji kuhusu ndoa, afya na kipato chao, kisha huandika ripoti. Wengi wao hufika hapo baada ya miaka ya kutafuta mtoto bila mafanikio.

Hatua inayofuata huwashangaza wengi: wanandoa ndio wanaochaguliwa. Hutayarisha kijitabu chenye picha na barua ya kujieleza, na shirika humpa mama mjamzito vijitabu kadhaa asome. Akiwapenda, hukutana nao. Kungoja kunaweza kuchukua miezi au miaka, na hakuna hakika ya kuchaguliwa.

Mama hufungwa na uamuzi wake baada ya kujifungua tu. Katika jimbo la Texas hawezi kutia sahihi ridhaa kabla ya saa 48 kupita tangu mtoto azaliwe. Katika Massachusetts ni lazima ifike siku ya nne. Uingereza ni kali zaidi: ridhaa ya mama haina nguvu mtoto akiwa hajatimiza wiki sita. Katika muda huo mama anaweza kubadili nia, na wanandoa waliokwisha kuandaa chumba cha mtoto hurudi nyumbani mikono mitupu. Wakati huo si wa kosa la yeyote. Sheria humlinda mama asitoe mtoto kwa haraka au kwa shinikizo.

Mama akitia sahihi, furaha ya upande mmoja huwa msiba wa upande wa pili, na katika uasili wa wazi wanandoa huuona msiba huo kwa macho yao. Mwandishi Dan Savage ameeleza safari ya namna hiyo katika kitabu The Kid (1999), kinachosimulia jinsi yeye na mwenzi wake walivyoasili mtoto katika jimbo la Oregon kutoka kwa msichana aliyekuwa akiishi mtaani.

Ahadi na sheria

Pande mbili huweza kuandika makubaliano: picha mara ngapi, kutembeleana mara ngapi. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, yakiwemo California na Washington, makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama yanaweza kutekelezwa kisheria. Hata hivyo, kuyavunja hakufuti uasili. New Zealand, ambako uasili wa wazi umekuwa desturi tangu miaka ya 1980, bado inatumia sheria ya mwaka 1955 isiyotambua makubaliano hayo.

Hapa ndipo lawama kubwa hutokea. Mama anaweza kuridhia kwa sababu ameahidiwa kumwona mtoto, kisha baada ya amri ya mahakama barua zikakoma kujibiwa. Upande mwingine, mama mwenyewe anaweza kupotea kwa sababu kila ziara humrudishia uchungu, na wazazi walioasili hubaki wakimweleza mtoto kwa nini mgeni wake hakuja. Pale mtoto alipoondolewa nyumbani kwa sababu ya kupigwa au kutelekezwa, kukutana ana kwa ana kunaweza kumdhuru. Nchini Uingereza, ambako wengi wa wanaoasiliwa hutoka katika uangalizi wa serikali, njia ya kawaida imekuwa barua zinazopitishwa kwa wakala.

Utafiti

Utafiti unaojulikana zaidi uliongozwa na Harold Grotevant na Ruth McRoy. Ulianza katikati ya miaka ya 1980 kwa familia 190 zilizoasili na akina mama 169 waliozaa, na ukawafuata watoto hadi utu uzima. Wengi walitabiri kuwa mtoto angechanganyikiwa asijue mama yake ni nani, na kwamba walioasili wangeishi kwa hofu ya kunyang'anywa. Matokeo hayakuthibitisha hivyo. Watoto walitambua tofauti ya majukumu ya watu hao, na wazazi waliomfahamu mama aliyezaa walikuwa na hofu ndogo kuliko wasiomfahamu. Watafiti hao hawakupendekeza mpango mmoja kwa familia zote, kwa kuwa mahitaji ya mtoto hubadilika anavyokua.

Desturi zinazofanana

Mtoto kulelewa na wengine huku akiwajua waliomzaa si jambo geni. Miongoni mwa Wamaori huitwa whāngai, na Hawaii huitwa hānai. Afrika Mashariki ni kawaida mtoto kulelewa na bibi, shangazi au mjomba bila kwenda mahakamani. Katika Uislamu, kafala humruhusu mtu kumlea mtoto wa mwingine bila kubadili nasaba yake; Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaitambua. Desturi hizi hutofautiana na uasili wa wazi kwa kuwa kwa kawaida mtoto hubaki ndani ya ukoo au huhifadhi nasaba yake, ilhali uasili wa wazi humhamishia kisheria katika familia nyingine.