Tomas Tranströmer: Mshairi wa Maneno Machache

Ukihesabu mizani ya mshororo mmoja wa tarbia ya kawaida utapata 16: nane katika ukwapi na nane katika utao. Haiku nzima, utungo uliotoka Japani, ina mizani 17 tu, zilizopangwa tano, saba na tano. Kwa maneno mengine, mtunzi wa haiku hupewa mshororo wetu mmoja na mizani moja ya nyongeza, kisha huambiwa aseme yote aliyo nayo. Mshairi wa Uswidi, Tomas Tranströmer, aliyetunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2011, alimalizia utunzi wake katika nafasi hiyo finyu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi alivyofika huko.

Tranströmer alizaliwa Stockholm tarehe 15 Aprili 1931. Wazazi wake walitengana angali mdogo, akalelewa na mama yake aliyekuwa mwalimu wa shule. Likizo za kiangazi alizipitisha katika kisiwa cha Runmarö, alikotoka babu yake mzaa mama, rubani wa kuongoza meli kati ya visiwa vya Bahari ya Baltiki. Huko ndiko alikokusanya wadudu. Kupenda wadudu hakukumwisha, na baadaye wanasayansi walimpa mbawakawa mmoja jina lake.

Diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1954, naye ana miaka 23. Aliiita *17 dikter*, yaani mashairi 17, basi. Wahakiki waliisifu papo hapo. Walimu wa arudhi watapenda kujua kwamba kijana huyu hakuanza na mashairi huru peke yake. Alitumia pia ubeti wa Kisapho, uitwao hivyo kwa jina la Sappho, mshairi wa kike wa Ugiriki ya kale. Ubeti huo una mishororo mitatu ya mizani 11, na wa nne hukatwa ukabaki na mizani tano. Sisi tungeuona tukasema: huu ni msuko. Kwa hakika haufanani na wetu katika kila jambo, kwani hauna vina na husimama juu ya mpangilio wa mkazo, lakini athari ya ule mshororo mfupi wa mwisho msikilizaji wa msuko anaijua.

Hakula kwa ushairi. Alisomea saikolojia katika Chuo Kikuu cha Stockholm, akahitimu mwaka 1956, na kuanzia 1960 alifanya kazi Roxtuna, taasisi ya vijana waliovunja sheria. Mwaka 1965 alihamia mji wa Västerås, akashughulika na watu waliotafuta njia ya kurudi kazini: walemavu, waliotoka gerezani, waliokuwa wakitumia dawa za kulevya. Mashairi aliyaandika kando ya kazi hiyo, polepole, diwani moja nyembamba baada ya miaka kadhaa. Hata leo mashairi yake yote yanaenea katika kitabu kimoja kisicho kinene.

Silaha yake kuu ni sitiari. Huanza na jambo ambalo kila mtu amelipitia, kama kuamka alfajiri, kuendesha gari usiku au kusikia piano katika chumba cha jirani, halafu picha moja huligeuza likaonekana kama halijapata kuonwa. Hata bara letu limo: katika diwani ya mwaka 1966 kuna shairi lenye anwani ya shajara ya Afrika, ambalo huanzia kwenye picha za wachoraji wa Kongo.

Lakini wakati ule wa miaka ya 1960 na 1970 wahakiki vijana wa Uswidi walimshambulia. Walitaka ushairi unaopiga kelele juu ya siasa, wakamwona mtu wa kujifungia. Swali la dhima ya fasihi halikuzaliwa kwetu peke yetu! Kwa maoni yangu wahakiki hao walisoma haraka mno. Mtu aliyeshinda mchana kutwa na vijana wafungwa hakuhitaji kufundishwa kuwa jamii ina majeraha. Mwaka 1959 alikuwa amekwisha kuandika haiku tisa juu ya gereza la vijana la Hällby, ingawa zilichapishwa mwaka 2001.

Mwaka 1974 alitoa utungo mrefu uitwao *Östersjöar*, unaomkumbuka yule babu rubani. Ndani yake mna mtunzi wa muziki aliyepatwa na kiharusi, akapoteza usemi, lakini akaendelea kutunga. Miaka 16 baadaye, Novemba 1990, Tranströmer mwenyewe alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulipooza, na akabaki na afasia. Wenzangu wanaofundisha isimu wanaelewa uzito wa neno hilo: mgonjwa anafahamu, anakumbuka, ila njia ya kutoka kwenye wazo hadi kwenye neno imekatika. Mwaka huohuo alikuwa amepata Tuzo ya Fasihi ya Baraza la Nordiki na Tuzo ya Neustadt ya Marekani.

Hakunyamaza. Mkewe Monica akawa mkalimani wake, akizijua ishara na silabi chache zilizobaki. Mwaka 1996 ilitoka *Sorgegondolen*, na mwaka 2004 *Den stora gåtan*, ambayo karibu yote ni haiku. Umbo alilolijaribu ujanani sasa lilimtosha, kwa sababu maneno yalikuwa yanakuja kwa shida. Tusidhani ni umbo jepesi. Mwanafunzi anayetaka kutafsiri haiku kwa Kiswahili ajaribu kwanza kuhesabu: neno moja tu, "hatutamwona", lina mizani tano na limekwisha jaza mstari wa kwanza. Hata hivyo ndani ya neno hilo mna mtenda, mtendwa, wakati na ukanushi, mambo ambayo Kiswidi huyatolea maneno manne. Tunabanwa na urefu wa maneno yetu, lakini tunafidiwa na ujazo wake. Ningependa kuona zoezi hilo likifanywa darasani kabla mtu hajasema kwamba haiku haziwezekani kwetu.

Nobel ilipotangazwa, palikuwa na minong'ono kwamba Waswidi wamejipa wenyewe. Ukweli ni kwamba hapakuwa na Mswidi aliyeipata tangu 1974, ilipogawanywa kati ya Eyvind Johnson na Harry Martinson. Kwa desturi mshindi hutoa mhadhara. Desemba 2011 Tranströmer alikaa katika kiti cha magurudumu, na mahali pa mhadhara mashairi yake yalisomwa na wengine na kupigwa muziki. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga piano, na baada ya kiharusi aliendelea kwa mkono wa kushoto. Watunzi wa Uswidi walimwandikia vipande vya mkono huo mmoja, akavipiga hadi uzeeni. Alifariki Stockholm tarehe 26 Machi 2015.