Siri za vibarua wa Uskoti katika vitabu vya sensa

VIBARUA wa mashamba ya Uskoti katika karne ya 19 aghalabu hawakuacha wasia wala barua. Lau si makarani wa sensa waliobisha milangoni mwao kila baada ya miaka kumi, habari za maisha yao zingalikuwa haba mno.

Sensa ya kwanza nchini humo ilifanywa 1801, lakini ni ile ya 1841 iliyohifadhi majina ya raia kote nchini. Hata hiyo ilikuwa na mapengo. Umri wa watu wazima uliteremshwa kwa mafungu ya miaka mitano, hivi kwamba mtu wa miaka 39 aliandikwa 35.

Mabadiliko yalikuja 1851. Karani, ambaye mara nyingi alikuwa mwalimu wa shule, sasa aliandika uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, umri kamili, kazi na parokia alikozaliwa.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye siri kubwa. Tuseme baba ni mwendesha plau ya farasi huko Berwickshire, kusini mashariki mwa Uskoti. Kifungua mimba wake alizaliwa Swinton, wa pili Eccles, wa tatu Coldingham na kitinda mimba Duns. Orodha ya watoto yageuka kuwa ramani ya safari za familia.

Kiini cha kuhamahama huko kilikuwa mikataba. Mwenye mke aliajiriwa kwa mwaka mmoja, na nyumba aliyoishi ilikuwa ya mwenye shamba. Mkataba usipofanywa upya, familia ilipakia vyombo mkokotenini mwezi Mei na kuhamia kwingine.

Uhamaji huo ulikuwa na gharama. Chini ya Sheria ya Maskini ya 1845, mtu alihitaji kuishi katika parokia moja miaka mitano mfululizo ili awe na haki ya kusaidiwa hapo. Asiyetimiza sharti hilo aghalabu alihesabiwa kuwa mzigo wa parokia alikozaliwa, hata kama aliiacha akiwa mtoto.

Rekodi hizo pia humpotosha asomaye kwa pupa. Hukutwa kibarua aliyeandikwa kuwa na mtumishi wa kike, mtu akadhani alikuwa na uwezo. Kumbe katika eneo hilo mkataba ulimlazimu kumpa mwajiri mwanamke wa kufanya kazi shambani. Asiye na binti mkubwa aliajiri msichana wa nje, akamlisha na kumlaza katika nyumba yake finyu. Sensa ya 1861, iliyohesabu vyumba vyenye madirisha, ilionyesha kwamba takriban theluthi moja ya nyumba za Uskoti zilikuwa za chumba kimoja.

Vilevile, safu ya kazi ya mke mara nyingi iliachwa tupu, ilhali alishiriki mavuno. Nao wavulana waliobalehe hutoweka katika orodha ya wazazi wao. Si lazima wawe walifariki, kwani wengi walikuwa wameajiriwa na kuhesabiwa kwenye mashamba walikolala.

Kwa hivyo, ukurasa mmoja hautoshi kuijua familia. Anayetafuta ukweli hana budi kulinganisha sensa kadhaa, na kuuliza ni nini kilichotokea katika miaka kumi ambayo karani hakubisha mlangoni.