Pensheni Inapokawia: Wajibu wa Jamaa

Katika mitaa ya miji yetu, toka Lubumbashi hata Bukavu, tunawafahamu wazee waliotumikia serikali miaka thelathini na zaidi: walimu, wauguzi, makarani. Walipoanza kazi nywele zao zilikuwa nyeusi. Leo ni nyeupe pe. Kazi imekwisha, lakini pensheni haijafika. Mzee huvaa koti lake asubuhi, huchukua bahasha yenye dosie, huenda ofisini, na jioni hurudi na neno lile lile: «Rudi juma lijalo.»

Yafaa kwanza tufahamu pensheni ni kitu gani. Si sadaka, wala si zawadi ya mkubwa fulani. Ni malipo ya kazi yaliyowekwa kwa ajili ya siku ambazo mikono haina nguvu tena. Basi mzee anayeifuata ofisini haombi. Anadai haki yake.

Katika nchi yetu ya Kongo, sheria ya pensheni za wafanyakazi ilitungwa mwaka 1956, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Mwaka 1961 ilianzishwa INSS, ambayo mwaka 2018 iligeuzwa kuwa CNSS. Hiyo huwaangalia hasa wafanyakazi wa makampuni. Watumishi wa serikali wao walitegemea hazina ya serikali yenyewe, na hazina ilipokuwa tupu, walingoja. Ndiyo maana mwaka 2015 iliundwa CNSSAP, ili michango ikusanywe mapema, wakati mtumishi angali kazini. Hata hivyo wengi wamebaki kazini hali wamepita umri wa kustaafu, kwa kuogopa kutoka mikono mitupu.

Kukawia huko huleta hasara mbili. Ya kwanza ni ya fedha, kwani fedha inayongojwa hupungua nguvu. Wastaafu wa miaka ya 1990 waliyaona hayo kwa macho yao: mwaka 1993 zaire milioni 3 zilibadilishwa kwa zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka 1 ya Kongo. Madai yaliyotosha kununua ng’ombe yakawa hayatoshi kununua yai. Hasara ya pili ni ya nyumbani. Mzee aliyelisha wengine huanza kuonekana mzigo. Hukopa kwa riba. Huona haya kukaa mezani. Wengine hufa wakingoja, na mjane hajui hata karatasi ziliwekwa wapi.

Je, jamaa ifanye nini?

Kwanza, tengenezeni majina mapema. Mwaka 1972 majina ya kikristo yalikatazwa katika karatasi za serikali, na baadaye yakarudi. Kwa hiyo mtu mmoja aweza kuwa na jina moja katika cheti cha ubatizo, jingine katika barua ya kuandikwa kazi, na jingine tena katika kitambulisho. Karani akiona majina matatu, huona watu watatu, na dosie hulala. Tofauti kama hizo zirekebishwe mtu angali na mshahara wa kulipia safari na mihuri.

Pili, wekeni nakala. Barua ya kuandikwa kazi, barua za kupandishwa cheo, karatasi za mshahara, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto: vyote viwe mahali pamoja, na mke apajue. Kila mnapotoa karatasi ofisini, ombeni uthibitisho wenye tarehe na muhuri. Neno la mdomo huruka.

Tatu, anayefanya kazi kwenye kampuni asingoje uzee ili aulize habari za michango yake. Bwana wa kazi akikata fedha bila kuipeleka CNSS, heri mfanyakazi ajue mwaka huu kuliko kugundua baada ya miaka ishirini.

Nne, jihadharini na wale wanaojidai kuharakisha dosie kwa matabishi. Hula kidogo alicho nacho mzee, na mara nyingi dosie hubaki pale pale. Ni afadhali wastaafu waende wengi pamoja, wakiwa na orodha ya majina yao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tano, msile fedha isiyofika. Kukopa kwa kutegemea pensheni ya kesho ni kumfunga mzee mara mbili. Shamba dogo, kuku wachache, au chumba cha kupangisha, vikianzishwa kabla ya kustaafu, humpa heshima ya kungoja pasipo kunyong’onyea.

Nanyi wanafunzi, mnajua kusoma na kuandika vema. Mwandikieni babu barua yake kwa herufi safi, na kumsindikiza hadi ofisini, asisimame peke yake juani.

Mwisho, neno kwa makarani wanaosoma ukurasa huu. Dosie mnayoilaza chini ya nyingine si karatasi tu. Ndani yake mna chakula cha mtu, dawa yake, na kodi ya nyumba yake. Huenda ni ya mwalimu yule aliyekushika mkono ulipoandika herufi yako ya kwanza. Itoe chini, uiweke juu, uitie sahihi leo.